Tupeane uzoefu: ulijuaje kuwa mguu wako bandia unataka kurekebishwa au kubadilishwa?

Cherehani_Isevya
Wakuu, salaam kutoka Tabora. Natumia mguu bandia wa kushoto, chini ya goti, mwaka wa nne huu. Mimi ni fundi nguo. Mwezi uliopita niliugua nikapungua sana, na tangu hapo kila nikiinuka kwenye stuli mguu unatoa hewa, "pyuu", mpaka wateja wanageuka. Asubuhi navaa soksi tatu za kigutu, yaani kile kipande cha mguu kilichobaki, ikifika saa nane mchana naongeza mbili. Mke wangu anasema natembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

Kwenda kwa mafundi wa viungo ni safari, ni nauli, na vitambaa vya watu viko mezani. "Muone daktari" nalijua, msinipe hilo. Nataka kusikia wewe ilikuwaje.

Mama_Dagaa
Kaka pole. Niko Kigoma, nauza dagaa Kibirizi, na hadithi yako ni yangu kabisa.

Mguu wangu wa kwanza nilipewa miezi michache baada ya kukatwa. Hakuna aliyenielewesha vizuri kwamba kigutu huendelea kusinyaa, hasa mwaka ule wa kwanza na nusu. Mguu ukilegea naongeza soksi. Ukilegea tena, naongeza. Nikafika nane! Nilikuwa kama mwenye paa bovu anayehamisha ndoo badala ya kupanda kuziba bati. Kwenye ule mchanga wa kuanikia dagaa kigutu kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya soketi, ile sehemu ya juu ya mguu bandia kinamoingia, kama mchi kwenye kinu, nami najiambia ndiyo maisha yenyewe.

Kilichonishtua ni goti. Zamani nikivaa, kifupa cha goti kilikaa juu ya lile tuta la ndani ya soketi. Siku moja nikaona kimezama, tuta linakigonga kwa chini. Wiki hiyohiyo ncha ya kigutu ikatoka kidonda.

Nilipofika kwa fundi hakuangalia kidonda kwanza. Aliniuliza, "Dada, soksi ngapi?" Nikamwambia. Akachukua kidonge cha udongo laini, kama gololi, akakidondosha chini kabisa ya soketi. Vaa, simama, egemea. Nilipotoa, kidonge kilikuwa chapati. Akasema ncha yako inakanyaga sakafu, na haitakiwi kubeba uzito hivyo. Kingebonyea kidogo tu tungeelewana. Akanieleza kwamba soksi zinajaza pande zote sawasawa, ila kigutu hakisinyai sawasawa: nyama inapungua, mfupa unabaki palepale. Ndiyo maana ukizidisha soksi mguu unabana mahali fulani na bado unacheza kwingine.

Nilidhani nitaambiwa ninunue mguu mzima. Wapi! Alitengeneza soketi mpya tu, unyayo akarudisha uleule.

Bwana_Harusi
Mimi ilikuwa kiatu jamani. Nilizoea makubazi, siku ya harusi nikavaa kiatu chenye kisigino. Goti likawa linasukumwa mbele kila hatua, nikajua mguu umekufa siku ya watu. Kumbe mguu hupangwa kwa urefu wa kisigino ulichoenda nacho. Ukienda kwa fundi beba na viatu vyako.

Mama_Kasulu
Hayo ya watu wazima ni afadhali, mtu anasema. Mwanangu ana miaka tisa, ukimuuliza anajibu "hauumi" ili asikose mpira. Mimi nilijulia kwenye sketi ya shule. Napiga pasi upindo unanyooka, akiivaa unashuka upande mmoja. Nikadhani nimekosea kushona! Nikamsimamisha mlangoni nikashika mifupa ya nyonga kwa mikono miwili, mmoja uko juu. Mguu wake mzima ulikuwa umerefuka, ule bandia umebaki darasa la pili.

Kwa watoto tuliambiwa tutegemee mabadiliko karibu kila mwaka. Na mshike ncha ya kigutu kwa vidole mara kwa mara, maana mfupa wa mtoto aliyekatwa unaweza kuendelea kukua ukaisukuma ngozi kutoka ndani. Hapo anahitajika daktari wa upasuaji, fundi wa mguu peke yake hatoshi.

Mzee_wa_Urambo
Wajukuu, mimi nina sukari. Nyie mnangoja maumivu, mimi sina hayo maumivu ya kungoja. Niliona damu kwenye soksi kabla sijahisi chochote.

Siku hizi jioni nikivua mguu naweka kioo cha kunyolea sakafuni, natazama chini ya kigutu na nyuma ya goti. Wekundu sio tatizo, kila mtu anao akivua. Tatizo ni wekundu unaogoma kuondoka. Navua, nakunywa chai yangu taratibu. Zikipita kama dakika ishirini na doa liko palepale, kesho sivai mpaka nijue linatoka wapi.

Cherehani_Isevya
Shikamoo mzee wangu. Hilo la kioo nimelichukua.

Boda_Mwanga
Nicheke nisilie. Soketi yangu ya plastiki ilikuwa inanibana pembeni ya mfupa. Nikakumbuka fundi aliwahi kuipasha moto sehemu moja tu akaisukuma nje kidogo, dakika chache kazi imeisha. Nikasema hii nami naiweza, mkaa si upo? Wakuu, ilijikunja kama nailoni. Nilirudi kwenye magongo miezi miwili. Fundi ana kifaa chake na anajua asukume wapi, wewe una jiko la kukaangia samaki.

Na unyayo nao mtazame. Wangu ulipasuka kwa chini, maji na mchanga vikaingia, nikawa nasikia "kwa, kwa" nikidhani ni boliti.

Mama_Dagaa
Boliti nayo ikilegea usikaze tu ukaendelea. Ikilegea mara ya pili ujue kuna kitu kimepinda.

Kaka Isevya, kama utafika Moshi pale hospitali ya KCMC, chuo cha mafundi wa viungo cha TATCOT kiko hapohapo, safari ni ndefu. Usivue mguu usiku kucha kwenye basi bila kufunga kigutu bandeji ya kuvutika. Kitavimba, asubuhi mguu hauingii, na fundi hawezi kuchukua kipimo cha kigutu kilichovimba.

Cherehani_Isevya
Asanteni sana. Udongo laini sina, nimeomba kidonge cha unga wa chapati jikoni, nikakifunga kwenye kipande cha nailoni, nikakidondosha ndani. Nikavaa na soksi zote tano, nikasimama nikahesabu mpaka ishirini.

Kimetoka bapa, nailoni imechanika. Mke wangu kakitupia kuku, kaniuliza mabasi ya Jumatatu yanaondoka saa ngapi.