Mrejesho: paka wangu anaona vizuri, ila hasikii

Asanteni kwa majibu. Niliuliza nitajuaje kama mtoto wa paka niliyemchukua, mweupe pe mwenye macho ya bluu, anaona na kusikia, maana nikimwita hageuki.

Macho yake ni mazima. Nilidondosha kipande cha pamba mbele yake, kitu kisicho na kishindo, akakifuata kwa macho mpaka sakafuni. Nikimmulika tochi, mboni zote mbili zinasinyaa.

Masikio ndiyo shida. Nilisimama nyuma yake nikatikisa funguo, kisha nikagonga sufuria niliyoishika mkononi: hata sikio halikucheza. Nikikanyaga sakafu kwa nguvu anashtuka, lakini huo ni mtikisiko anaousikia miguuni, kwa hiyo msipime kwa kugonga meza au sakafu. Daktari wa mifugo alimchungulia, hakukuta nta wala utitiri. Anasema ni uziwi wa kuzaliwa, unaowapata sana paka weupe wenye macho ya bluu, na hauna tiba.

Simrudishi kokote. Atabaki ndani, kwani nje hatasikia gari wala mbwa. Kumwita nawasha na kuzima taa, na ameshaanza kuja mbio.