Madigadi ya mbele ya kromu imepinda na inagusa tairi: naanzia wapi?

BoltiNane
Wakuu, pikipiki ni ya zamani, madigadi ya mbele ni ya chuma yenye kromu. Baada ya kugongwa imelalia kulia na inakwangua tairi nikikata kona. Kuna bonde upande wa kulia, ufa kama sm 3 karibu na tundu la bolti, na madoa ya kutu. Niinyooshe ikiwa hapohapo au niishushe?

Rimu18
Ishushe, ila usiiguse kwa nyundo kwanza. Mara nyingi kilichopinda si madigadi peke yake, shokapu nazo zimejisokota.

Lalisha kipande cha kioo bapa juu ya bomba mbili za shokapu. Kikicheza kama meza yenye mguu mfupi, bomba haziko sambamba. Legeza bolti za kishikio cha juu na cha chini vinavyobana bomba hizo, bana tairi katikati ya magoti, zungusha usukani hadi kioo kitulie, kisha kaza. Kama bado kinacheza, bomba lenyewe limepinda, na hapo madigadi si tatizo lako tena.

Ukirudisha gurudumu, kaza nati ya ekseli, acha bolti ya kubana ekseli ikiwa legevu, shika breki ya mbele na ubonyeze shokapu mara tano au sita. Ndipo uikaze. Madigadi ifungwe mwisho.

FundiBodi
Nakubaliana na Rimu18. Sasa bonde. Kwangua tope lote la ndani, maana udongo mkavu unaficha nyufa. Laza upande wa kromu juu ya mfuko wa mchanga uliofunikwa kitambaa laini, gonga kutoka ndani kwa nyundo ya mbao au nailoni. Anza pembezoni mwa bonde ukielekea katikati, mapigo madogo mengi. Ukipiga katikati kwa nguvu, chuma kinatanuka na unabaki na uvimbe usioondoka.

Kromu ya mapambo haifiki hata mikroni 1 (sehemu ya elfu ya mm) kwa unene, tena ni ngumu na haipindi. Panapopindishwa sana itapasuka nyufa nyembamba. Kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake, kwa hiyo msasa usiguse hapo! Madoa yasugue kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na maji. Pale ilipokwisha kubanduka, hairudi kwa kusugua.

Ufa: toboa tundu la mm 3 pale unapoishia ili usiendelee. Saga kromu na nikeli pande zote mbili, walau sm 2 kuzunguka ufa, halafu chomelea kiraka cha bati la mm 1.5 kwa ndani, vipande vifupi vifupi, ukiacha kipoe. Usichomelee juu ya kromu, moshi wake ni sumu. Fanyia kazi nje na uvae barakoa ya moshi wa kuchomelea. Kromu ya jirani itageuka bluu, huwezi kulikwepa hilo.

BoltiNane
Bonde likibaki kidogo naweza kujaza fila (uji mzito unaoganda, wa kujazia mabonde) halafu nipeleke ikapakwe kromu upya?

FundiBodi
Hapana. Kromu hupakwa kwa umeme na fila haipitishi umeme, pia asidi ya kusafishia itaiharibu. Kasoro hujazwa kwa shaba kisha kusuguliwa. Na kama kutu imechimba sana, mwulize mpakaji kabla ya kuiacha kwake, kwani kusugua kunapunguza chuma na vishimo vinaweza kugeuka matundu.

Rimu18
Wakati wa kufunga, bolti zote ziingie kwa vidole. Pakiwa na nafasi kati ya kikono cha madigadi na mguu wa shokapu, jaza kwa washa. Usiivute kwa bolti. Ukiivuta, miguu ya shokapu inakaribiana na shokapu zinaanza kukwama. Ufa wako huenda ulianzia kwenye mvutano wa namna hiyo, au bolti ya nyuma iliyolegea. Zungusha gurudumu: iwe na mm 10 au zaidi kila upande. Bolti za mm 8 zinatosha Nm 20 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza), isipokuwa kitabu cha pikipiki yako kinasema vingine.

Na usiiendeshe bila madigadi ukisubiri kromu. Kwenye pikipiki nyingi za zamani daraja la chuma la madigadi ndilo linalounganisha miguu miwili ya shokapu. Ukilitoa, gurudumu linayumba ukifunga breki.