Nimealikwa chakula cha usiku na watu wa mataifa tofauti: bili analipa nani?

Mgeni_Mezani: Wakuu, naombeni ushauri. Tuko sita: Mchina, Mjerumani, Muirani, Mmarekani, Mfaransa na mimi. Mchina katualika mgahawani, ni siku yake ya kuzaliwa. Niende na hela ya kugawana? Wiki ijayo Mfaransa katuita kwake nyumbani. Nibebe nini? Nifike saa ngapi?

Karani: Kwa Wachina aliyealika ndiye mlipaji. Ila bili ikija usikae kimya. Jitokeze, sema utalipa wewe. Akikataa mara mbili tatu, mwachie. Uking'ang'ania mpaka ukalipa kweli, umemshushia heshima mbele ya wageni wake. Fadhila hiyo hurudishwa kwa kumwalika naye siku nyingine. Ujerumani nako mwenye siku yake ndiye huwakaribisha wenzake, lakini msosi wa kawaida kila mtu hujilipia chake, na mhudumu huuliza kabisa kama mnalipa pamoja au kila mtu kivyake. Tatizo litatoka kwa Mmarekani: kwao marafiki mara nyingi huchanga wamlipie mwenye sherehe. Kwa hiyo muulizeni Mchina mapema, faraghani. Mezani mtaaibishana.

Bint_Hesabu: Naongezea Muirani. Akisema "nalipa mimi", kwanza kataa. Kwao kuna adabu ya kubembelezana, na ofa ya kwanza mara nyingi ni heshima tu. Akirudia mara ya tatu kwa msisitizo, hapo anamaanisha.

Mkigawana, msigawe sawa kwa sawa. Tuseme bili ni euro 240, na pombe ya watu watatu ni 90. Inabaki 150, gawa kwa sita: 25 kila mtu. Wanywaji wanaongeza 30, wanalipa 55. Mkigawa sawa ni 40 kila mmoja, yaani asiyekunywa anapigwa 15 bure, na manung'uniko huanzia hapo. Bakshishi kila mtu aipige kwenye fungu lake: Marekani ni asilimia 15 hadi 20 na inahesabika kama wajibu, Ufaransa huduma imeshaingizwa kwenye bei.

Mzee_wa_Adabu: Kwa Mfaransa, ukiambiwa saa 2 usiku fika saa 2 na dakika 10 au 15. Kuwahi ni kosa, unamkuta bado jikoni. Maua yanafaa, ila si krisanthemumu. Hayo hupelekwa makaburini tarehe 1 Novemba. Ukipeleka mvinyo akauweka kando usinune, wa chakula alishauchagua. Usianze kula kabla ya mwenyeji, na mikono ionekane mezani, si mapajani. Hela usimpe kabisa.

Mgeni_Mezani: Asanteni sana. Na kama sinywi pombe?

Mzee_wa_Adabu: Peleka chokoleti nzuri. Mwambie leo hii kwamba hunywi, na kama kuna chakula usichokula kitaje humohumo, maana akishapika amechelewa.