Mama anatakiwa kuwekewa betri ya moyo, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Tuko Ngamiani, Tanga. Mama ana miaka 71. Juzi alidondoka akikuna nazi, machicha yakamwagika miguuni. Nilipomshika kiganja, mapigo yalikuja moja moja. Kipimo kikaonyesha 38 kwa dakika.

Daktari anasema kituo cha asili kinachoanzisha mapigo, juu kulia mwa moyo, kimechoka. Dawa haipo ya kukirudisha. Awekewe betri, yaani kifaa kidogo cha kuamsha mapigo, chini ya mtulinga, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar. Iwe na nyaya mbili za kwenda moyoni, kwani waya mmoja tu wa chumba cha chini cha moyo huongeza hatari ya moyo kwenda ovyo baadaye.

Mama amegoma, anaogopa “umeme kifuani”. Mliouguza, mliwashawishije wazee? Na baada ya kuwekewa, mgonjwa wenu aliweza lini kuunyanyua mkono wa upande wa betri?