Spacio inakunywa mafuta: nitie dawa ya chupa, nipande petroli ya bei, au nitoe injekta?

SpacioYaNtinda
Wakubwa habarini. Nina Spacio ya 2003, injini ni 1NZ, dashi inasema kilomita 187,000 ingawa ya kweli anaijua Mungu na yule Mjapani aliyeiuza. Shida ni kwamba asubuhi haishiki sailensa (ule mngurumo wa gari likiwa limesimama), inatetemeka kama mtu mwenye malaria, ikishapata moto inatulia kidogo lakini ukikanyaga ghafla inasita. Na inakula. Zamani nilikuwa napata kilomita 12 kwa lita nikichanganya mjini na nje, sasa nikipata 9 nashukuru, na nyinyi mnajua bei ya mafuta ilivyo saa hizi.

Sasa kila mtu ana dawa yake. Pale Kisekka, soko la vipuri, kijana mmoja ananiuzia injekta klina ya 15,000, duka la pili wana chupa ya 60,000 wanasema ina PEA, sabuni fulani ya kusafisha, kijana wa stesheni anasema niache mambo ya chupa niwe naweka V-Power ya Shell au Excellium ya Total, zile petroli za bei, siku zote, makanika wangu naye anataka kutoa injekta zote nne (zile zinazopulizia petroli) zioshwe kwenye mashine, laki moja bila mkono wake. Jirani yangu mzee mmoja ameniambia nitie zile peremende za kabati, nafthalini, eti enzi zao walifanya hivyo. Nani amejaribu nini? Nataka mtu aliyetumia pesa yake, si aliyesikia.

Boxer256
Kaka nafthalini wachana nayo. Sisi wa boda tulipitia hiyo, tena na oili ya tu-stroku kwenye Boxer, eti injini inakuwa laini. Boxer ni foo-stroku, oili yake iko chini, ukichanganya kwenye tangi unapata moshi na plagi nyeusi basi. Nafthalini yangu haikuyeyuka vizuri, ilienda kukaa kwenye kabureta, nikasukuma pikipiki kutoka Bwaise hadi Kawempe na abiria wangu ananicheka nyuma.

FundiWaKatwe
Ssebo hapo juu, kabla hujanunua chupa yoyote jibu haya: plagi zina umri gani, ea klina (chujio la hewa) umeifungua lini, na throto bodi (mlango wa hewa ya injini) imewahi kuoshwa? Kwa sababu dalili ulizoandika, kutetemeka asubuhi na kusita ukikanyaga, nikiletewa 1NZ kumi za hivyo nyingi nakuta throto bodi imeshika masizi meusi kwenye kile kisahani, au plagi zimekwisha, au ile sensa ya hewa imejaa vumbi la Kampala. Dawa ya tangi haifiki kwenye throto bodi wala kwenye sensa, na plagi iliyokwisha haiifufui! Dawa inapita pale petroli inapopita. Throto bodi inapitisha hewa, petroli haifiki huko. Hiki ndicho kitu watu hawataki kuelewa, wanatia chupa halafu wanasema dawa feki.

Sasa pale inapofika, inafanya kazi, siwezi kudanganya. Injini yako injekta zinapulizia kwenye mgongo wa valvu za kuingiza, kwa hiyo petroli ikiwa na sabuni nzuri inaosha ncha ya injekta na pia valvu. Injekta ikishika uchafu haipulizi ukungu, inakojoa tu, samahani kwa lugha, na gari inamisi (inaruka kuwaka) asubuhi kwa sababu petroli ya matone haiwaki vizuri injini ikiwa baridi.

MamaNoah_Entebbe
Mimi nilitumia pesa yangu, tena nyingi. Noah AZR60, ile yenye maandishi D-4. Chupa sita katika mwaka mmoja, za bei tofauti, sikuona kitu isipokuwa risiti. Nilibadilisha na makanika pia, mmoja akaniambia injini imekufa nitafute nyingine Kisekka. Imagini!

FundiWaKatwe
Nyabo pole sana lakini hapo chupa hata mia zisingesaidia upande wa valvu. D-4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za kuingiza hazioni petroli kabisa. Zinachoona ni mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye injini pamoja na moshi wa EGR (moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye hewa), vinagandana pale juu kama ukoko wa wali. Hiyo unaondoa kwa kufungua manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa) na kukwangua au kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa, wenye mashine wapo ila si wengi. Chupa nzuri kwenye D-4 inaweza kusaidia ncha ya injekta tu, basi. Ndiyo maana kabla ya kulinganisha dawa, kwanza uliza injini ni ya aina gani. Ukiona D-4 kwenye kifuniko, hesabu zinabadilika.

KemiaMbale
Nimefundisha kemia miaka, niongeze hapo. Chupa zote zimeandikwa klina lakini ndani si kitu kimoja. Za bei ya chini mara nyingi ni viyeyusho, kitu cha jamaa ya mafuta ya taa pamoja na sabuni kidogo sana. Halafu kuna zenye PIBA, aina moja ya sabuni, hizo zinasafisha valvu vizuri kiasi lakini zikiwa nyingi zinaweza zenyewe kuacha uchafu ndani ya chumba cha kuwakia. Halafu PEA, polietheramini, hii inavumilia joto kali na inasafisha injekta, valvu na hata masizi ya juu ya pistoni. Techron ya Chevron ndiyo iliyoipa jina, Gumout Regane nayo imo. Sea Foam watu wanaipenda lakini ni oili nyepesi, nafta na alkoholi, ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo ukiwa dukani geuza chupa usome nyuma. Kama hawataji kilichomo, wanakuuzia rangi ya chupa.

Na kuhusu petroli yenyewe: Marekani sheria inalazimisha sabuni kwenye petroli yote tangu 1995, na hata hivyo makampuni ya magari, BMW, GM, Honda na Toyota, yaliona kiwango cha serikali ni kidogo yakaanzisha chao, TOP TIER, mwaka 2004. Chama cha wenye magari kule, AAA, walipima 2016 wakakuta petroli isiyo ya kiwango hicho inaacha uchafu kwenye valvu mara 19 zaidi, kwa wastani, baada ya mwendo wa maili 4,000 kwenye mashine. Hiyo ni ya kwao, usiichukue ukaibandika kwenye stesheni ya Wandegeya, lakini inakuonyesha sabuni si hadithi. Tofauti ipo.

ForesterMbarara
Kwa nini mnazunguka? Mimi Forester ya turbo, V-Power miaka minne, injekta sijawahi kugusa. Weka mafuta mazuri, maliza.

FundiWaKatwe
Forester ya turbo ilitengenezewa haioku ya Japani, yaani petroli ya okteni ya juu, wewe ukiweka petroli ya bei una sababu mbili, sabuni na okteni (uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila injini kugonga). Spacio haina haja ya okteni. 1NZ Japani inakunywa petroli ya kawaida, na kiwango chao cha kawaida kinaanzia 89 tu.

Dawa_na_Oili_Kla
Mimi nauza hizi bidhaa nisichekwe 😄. Klina sawa, lakini kwa gari iliyochoka kama hiyo mimi ningempa okteni busta, inaongeza pointi 5, gari inavuta mlima wote wa Kololo. Wateja wanarudi.

KemiaMbale
Ndugu yangu muuzaji, tuheshimiane lakini hapo kwenye pointi wasomaji wanaibiwa, si na wewe, na walioandika chupa. Pointi 10 ndiyo okteni 1. Kwa hiyo pointi 5 ni nusu ya okteni! Ni kama kuongeza kijiko cha sukari kwenye jerikani ya chai. Na nyingine zina manganizi au chuma, ukifungua plagi unakuta imekuwa nyekundu kama matofali. Halafu Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inabana hewa pungufu kuliko ingekuwa Mombasa, kwa hiyo haja ya okteni inashuka, haipandi. Mtu wa Kabale ndiyo kabisa asinunue.

Dawa_na_Oili_Kla
Sawa mwalimu. Lakini klina nauza zenye PEA pia, msije mkanifungia duka.

MzeeLoriMalaba
Vijana nyote mnazungumzia sabuni, hakuna aliyeuliza kama hiyo petroli ni petroli. Mimi niko barabarani Malaba-Kampala toka enzi za Bedford. Ukinunua mahali petroli imechanganywa na mafuta ya taa, okteni inaanguka, injini inagonga, plagi zinavaa masizi, na hakuna chupa duniani ya kutoa mafuta ya taa kwenye tangi. Ndiyo maana serikali wanatia alama kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, UNBS (shirika la viwango) na wizara ya nishati wanapita stesheni kupima ile alama, ikikutwa imepungua wanajua umechanganya. Kijana, jaza stesheni moja yenye magari mengi, mafuta yanatoka na kuingia hayalali, na usijaze wakati lori linamwaga kwenye tangi la chini kwa sababu takataka za chini zinavurugika. Mvua kubwa ikinyesha pia kuwa mwangalifu, maji yanaingia. Maji kidogo alkoholi inaweza kuyabeba yakawaka yakaisha, maji mengi unashusha tangi, hakuna njia ya mkato.

Dizeli nisiwachoshe. Toa maji kwenye filta kila wiki, badilisha filta kwa wakati, hiyo ndiyo dawa yangu.

SpacioYaNtinda
Mzee shikamoo, na wote asanteni. Mwalimu, na zile sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli? Kuna mtu ananitumia video kila siku.

KemiaMbale
EPA, shirika la mazingira la Marekani, imepima vifaa zaidi ya mia vya kupunguza mafuta, hawakukuta kinachopunguza kwa maana. Sumaku funga kwenye friji.

FundiWaKatwe
Basi fanya hivi, na uende kwa mpangilio huu usiruke. Osha throto bodi na sensa ya hewa, kwa klina zao, siyo ile ile moja kwa sababu sensa ya hewa ina waya mwembamba kama unywele, ukiupuliza dawa ya kabureta umeuaga. Plagi mpya, ea klina mpya. Endesha wiki. Kama bado inatetemeka, chupa moja ya PEA kwenye tangi lililojaa, si robo, soma inatosha lita ngapi, na uiendeshe safari ndefu, Masaka na kurudi, si kukaa kwenye jamu ya Jinja Road. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha oili, kwa sababu hiyo dawa kidogo inateremka kwenye oili, uimwage nayo. Na hapo ikikataa ndiyo utoe injekta, mashine itakuonyesha ipi inakojoa kwa macho yako. Makanika anayeanza na laki moja hajakosea sana lakini ameanzia mwisho.

MamaNoah_Entebbe
Mimi sasa nifanyeje, niuze?

FundiWaKatwe
Usiuze nyabo. Lete tufungue manifoldi tuone ukoko, kuangalia ni bure. Ukiuza sasa unauza kwa bei ya kilio.

SpacioYaNtinda
Wiki tatu baadaye, narudi kama nilivyoahidi kwenye inboksi ya fundi. Throto bodi ilikuwa nyeusi tii, makanika mwenyewe aliguna. Plagi mbili kati ya nne zilikuwa zimeliwa hadi hazina pua. Baada ya hapo tu kutetemeka kuliondoka, naweza kusema sehemu kubwa, asubuhi ikabaki kitetemeko kidogo. Kilomita kwa lita zikarudi 11. Halafu nikatia ile ya 60,000, nikaenda kumzika mjomba Masaka, nikarudi, nikamwaga oili. Kile kitetemeko cha asubuhi kimeisha lakini kwenye ulaji wa mafuta sioni tofauti, 11 ile ile, labda na kitu. Kwa hiyo kama nikisema ukweli 60,000 imenipa sailensa nzuri, si mafuta. Injekta sijatoa, laki moja imebaki mfukoni, kwa sasa.

Petroli nimebaki na ya kawaida, stesheni moja tu kama mzee alivyosema, na labda kila baada ya miezi miwili tangi moja la bei, sijui kama inasaidia ila roho inatulia.

Boxer256
Na ile klina ya 15,000 uliyonunua Kisekka? Maana najua ulinunua.

SpacioYaNtinda
😂 Nilinunua kweli. Nimempa yule jirani wa nafthalini, ameitia kwenye mashine ya kukata majani.