Simu darasani: gumzo la kikundi cha familia

Mama Zawadi: Habari za jioni jamani. Kina Zawadi wameruhusiwa simu darasani kwa ajili ya masomo. Ikiwekwa kimya si inatosha?

Shangazi Rehema: Njema wifi. Haitoshi. Kimya huondoa mlio, ila mtetemo na mwanga wa skrini vinaweza kubaki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Florida State, 2015, ulionyesha kuwa arifa ikiingia tu, hata isipofunguliwa, mtu anakosea zaidi kwenye kazi inayotaka umakini. Akili inaanza kujiuliza nani ameandika.

Mjomba Salim: Dada, ingia kwenye mipangilio, kisha arifa, zima za gumzo, michezo na video zote. Hali ya ndege nayo inasaidia, ila mafaili ya somo yapakuliwe kabla. La sivyo atawasha data katikati ya kipindi na mesej zote zimwagike kwa mkupuo.

Mama Zawadi: Na ikilazwa kifudifudi mezani?

Shangazi Rehema: Mkobani, na mkoba uwe chini. Mezani mkono unaifuata wenyewe.

Idi: Shikamooni. Vipi laptopu ya kuandikia notisi?

Shangazi Rehema: Marahaba Idi. Anayechapa haraka hunakili maneno ya mwalimu yalivyo, bila kuyafikiria. Wa kalamu hawezi kuyawahi yote, inambidi achague na afupishe. Ukitumia laptopu jibane: sentensi moja kwa kila hoja, kwa maneno yako. Kipindi kikiisha funga kila kitu, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, ndipo ulinganishe. Mapengo utayaona hapo hapo.

Mjomba Salim: Na ukae nyuma.

Idi: Nyuma tena, Mjomba?

Mjomba Salim: Eeh, skrini yako isionekane na wengine. Kwenye utafiti wa Kanada, 2013, wanafunzi waliokaa wakiona laptopu za wenzao wanaoperuzi mambo mengine walipata alama pungufu kwa asilimia 17 hivi kuliko wasioziona. Wao walikuwa na kalamu na karatasi tu.

Shangazi Rehema: Hili ndilo linaloniuma. Mtoto ametulia na daftari lake, anapoteza alama kwa skrini ya jirani! Wifi, kwenye kikao cha wazazi tudai hivi: mwalimu akieleza, laptopu zote zifungwe. Zifunguliwe kwa zoezi la dakika 10 au 15, zifungwe tena.

Mama Zawadi: Nimeandika. Na simu je?

Shangazi Rehema: Kwenye sanduku karibu na mlango mpaka zoezi lianze, kila moja na namba yake, zisije zikagombaniwa wakati wa kuchukua.