Mtoto akiugua tukisharudi Uingereza, nawaambiaje hospitali?

Mwangaluka ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko nyumbani Mwanza likizo na mwanangu, kazaliwa kulekule Uingereza, wiki ijayo tunarudi. Huku kashinda ziwani Igombe na binamu zake na usiku mbu wamemla kweli. Nina wasiwasi, akianza kuumwa tukifika naanzaje kuongea na watu wa mapokezi? Ninachojua ni "my child is sick" basi.

---

Marahaba mdogo wangu. Hiyo sentensi ukiisema peke yake Uingereza wengi wataanza kukuuliza katapika mara ngapi, maana kwa wale "he's been sick" ni katapika na "I feel sick" ni kichefuchefu, Marekani ndio sick ni kuumwa kokote. Kazini haina shida, "off sick" wanaelewa huji kwa sababu unaumwa, siku 7 za kwanza unajaza fomu mwenyewe, zikizidi ndio wanadai cheti cha daktari.

Ila mtoto ana homa usilitegemee hilo neno kabisa. Sema hivi: "He has a fever. We just came back from Tanzania. He needs a malaria test today." Tanzania usiiache, nakuomba sana, kwa sababu homa wanayoizoea kule ni ya mafua, wasipojua mmetoka wapi watakwambia mpe panadol na maji mengi ukalale, na malaria ya kwetu nyingi ni falsiparamu, ile aina kali kuliko zote, mtoto asiye na kinga inaweza kumzidi ndani ya siku moja mbili tu. Na wewe usijiamini kwamba umekulia Mabatini hapo Mwanza, ukikaa nje miaka kinga inapungua.

Usisubiri miadi ya wiki ijayo. Piga 111, namba ya ushauri wa afya, siku hiyohiyo, akiwa analegea, anachanganyikiwa au degedege limempata piga 999, ya dharura. Kipimo cha kwanza kikitoka hasi na homa ipo, waulize wanarudia lini, kawaida wanapima mpaka mara tatu ndani ya siku mbili tatu. Homa yoyote ndani ya mwaka mzima tangu mrudi, itaje tena safari.

Halafu huko Igombe kuna kichocho bwana, kinatoka kwa konokono wa ziwani na mtu anaweza kukaa nacho bila kusikia chochote. Hata akiwa mzima, miezi 3 baada ya kuoga ziwani mwombe daktari wake kipimo cha damu, sema "he swam in Lake Victoria". Kikionekana dawa yake ni ileile prazikwanteli wanayogawiwa watoto shuleni huko kwetu.

---

Naongezea dada, mkalimani wa Kiswahili kwa daktari ni bure, hulipi kitu. Unapochukua miadi tu sema "Swahili interpreter please", wanampata kwa simu. Usimtumie mtoto kutafsiri, na tarehe mliyotoka Mwanza iandike kwenye karatasi uwape.